Kuomba kazi serikalini ukiwa na ulemavu: hatua za kufuata kwenye Ajira Portal

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ofisi inayosimamia ajira za serikali ya Tanzania, huwa na sharti ambalo wengi hulipita haraka: waombaji wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, na wanatakiwa kuonesha hali yao ndani ya Ajira Portal, mfumo wa kuomba kazi kwa mtandao. Najua wapo wanaoacha kuitaja kwa hofu ya kukatwa mapema. Ushauri wangu ni kuitaja tangu mwanzo. Ukikaa kimya, siku ya usaili utaletewa karatasi ya maandishi madogo usiyoyaona, au utasailiwa bila mkalimani wa lugha ya alama, na hapo hakuna wa kumlaumu kwa kuwa hakuna aliyejua.

Anza na nyaraka kabla hujagusa kompyuta. Unahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita pamoja na vya taaluma, wasifu wako wenye anwani na simu zinazopatikana, na majina ya wadhamini watatu wanaokufahamu. Vyeti vithibitishwe na wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliwi mahali pa cheti, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, shughulikia hati ya kisheria ya majina mapema, maana tofauti ya herufi chache inaweza kukurudisha nyumbani siku ya usaili.

Kisha nenda hospitali ya serikali ya wilaya uombe barua ya daktari inayoeleza aina ya ulemavu wako. Si kila tangazo linaidai, lakini likiidai huwa na siku chache tu kabla halijafungwa. Mwombe daktari aandike pia unachoweza kufanya na kifaa unachotumia, kama ni fimbo nyeupe, kiti mwendo au shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia). Barua inayotaja ugonjwa peke yake haimsaidii anayepanga chumba cha usaili.

Sasa fungua akaunti kwenye portal.ajira.go.tz. Tumia barua pepe yako mwenyewe na simu yako mwenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu ndugu zetu wasioona, na wale ambao mikono haiwaruhusu kuchapa, mara nyingi hufunguliwa akaunti na kijana wa intaneti kafe kwa barua pepe yake yeye. Kafe ikifungwa, au kijana akihama mji, akaunti imepotea pamoja na taarifa zote za usaili. Msaidizi achape, neno la siri ubaki nalo wewe.

Jaza sehemu zote za akaunti: taarifa binafsi (hapo ndipo unapoonesha ulemavu), elimu, uzoefu, mafunzo, lugha na wadhamini. Kuwa makini na mkoa unaoishi sasa. Kwa kada nyingi usaili wa mchujo siku hizi hufanyika mikoani, na mkoa unaopangiwa hufuata makazi uliyoandika. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa, hivyo mtu wa kiti mwendo anayeishi Kigoma lakini akaunti yake bado inasoma Dar es Salaam ana safari ndefu ya gharama mara mbili, yake na ya msindikizaji.

Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma. Isaini, iskani, ipandishe. Aya mbili za kwanza ziongelee sifa zako kwa kazi hiyo. Ulemavu uwe na sentensi mbili kuelekea mwisho, zikisema unachohitaji: «Nina uoni hafifu. Naomba mtihani wa maandishi makubwa na muda wa kutosha kuusoma.» Inatosha. Usiandike barua ya kuomba huruma. Umesoma kama wenzako.

Ukiitwa kwenye usaili, ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya mtihani, kwa sababu haitolewi ukumbini. Beba vyeti halisi na kitambulisho. Piga simu ofisi ya Sekretarieti siku kadhaa kabla kuuliza kama jengo lina ngazi na kama ombi lako limeonekana.

Ukipata kazi utapewa fomu ya uchunguzi wa afya. Wanaoishi na VVU wasiikimbie hatua hii: sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inasema hakuna mtu wa kulazimishwa kupima VVU.

Usiziache kampuni binafsi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mabosi wengi hawaijui, kwa hiyo itaje kwa adabu kwenye barua yako.

Na ukinyimwa kazi kwa sababu ya ulemavu au VVU huku kazi yenyewe unaiweza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inakulinda hata kama wewe ni mwombaji tu na hujaajiriwa bado. Tunza tangazo, barua yako na majibu uliyopewa, kisha nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, iliyo karibu nawe ujaze fomu namba 1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.