Somo: Ampli mbili kwa bafle moja, wati ngapi?

Wiki hii ndugu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniletea bafle zake (masanduku ya spika), twita zote mbili, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, zimeungua. Alikuwa amefunga ampli ya wati 100 kwenye wufa, ile spika kubwa ya besi, na ka ampli ka wati 25 kwenye twita, kwa sababu aliambiwa sauti nyembamba hazili nguvu. Ni kweli hazili nguvu nyingi. Ila kuna jambo hakuambiwa, na ndilo limemgharimu.

Hatua ya 1. Geuza bafle uangalie mgongoni. Unatafuta vifungio vinne vya waya vilivyoshikanishwa kwa vipande vya chuma. Vitoe vipande hivyo kabla ya kuwasha chochote. Ukivisahau, ampli moja inasukuma umeme ndani ya nyingine, na utanuka moshi.

Hatua ya 2. Amua filta, yaani sakiti inayogawa besi iende kwa wufa na sauti za juu kwa twita, itakaa wapi. Hapa usome polepole, maana wati zote zinategemea jibu hili.

Wengi wetu tunaiacha filta ndani ya bafle. Basi ampli zote mbili zinapokea muziki mzima. Filta inazuia besi isiifikie twita, lakini haiipunguzii ampli mzigo wa voltaji: volti zote za besi lazima zitoke kwenye ampli ya twita pia, hata kama mkondo unaochukuliwa ni kidogo sana. Tupige hesabu kwa bafle ya omu 8 (ukinzani wake kwa umeme). Wati 100 ni volti 28. Wati 25 ni volti 14. Sebene ikichangamka, gitaa la besi na ngoma ya mguu vikataka volti 20, ampli kubwa inapita salama. Ile ndogo inagota kwenye 14 na kukata vilele vya mawimbi. Uchafu unaozaliwa hapo umejaa masafa ya juu, na filta inaufungulia mlango mmoja tu, wa twita. Ndicho kilichompata ndugu wa Katuba.

Kwa hiyo filta ikibaki ndani, nunua ampli mbili zinazolingana. Zikiwa stereo za aina moja, mimi hufunga moja kwa bafle ya kushoto na moja kwa ya kulia, chaneli moja kwa wufa, nyingine kwa twita. Kila transfoma inabeba besi ya upande mmoja.

Filta ikitolewa na kuwekwa ya elektroniki kabla ya ampli, hesabu inageuka. Tuseme besi inataka volti 20, na sauti za juu zinapanda mgongoni mwake kwa volti 8. Ampli moja ingehitaji volti 28, karibu wati 100. Ukizitenganisha, besi inatosheka na wati 50, na juu wati 8! Hapo ka ampli kadogo kanafaa kabisa, na besi ikizidiwa, twita haiguswi. Lakini twita imepoteza kinga yake. Ifungie kapasita isiyo na chanya wala hasi, mfululizo na waya wake: mikrofaradi 20 kwa omu 8 inaanza kukata masafa yaliyo chini ya karibu hezi 1000, mbali vya kutosha kama mpaka wako kati ya wufa na twita ni hezi 3000.

Hatua ya 3. Linganisha ukuzaji. Ondoa bafle, cheza toni ya hezi 50, pima volti za mkondo geu kwenye kila ampli kwa multimita. Filta ikiwa ndani, zisomeke sawa. Moja ikitoa volti 2 na nyingine 2.8, tofauti ni desibeli 3, na rumba yote itaegemea upande mmoja.

Hatua ya 4. Pima umeme wa nyumbani jioni. Kwangu hushuka hadi 180. Ampli ya transfoma ya kawaida, iliyoandikwa wati 100 kwa volti 220, hapo inabaki na kama wati 67. Hii nataka mniamini: stabilizata nzuri (kifaa cha kutuliza voltaji) inakuja kabla ya ampli ya pili.

MASWALI

Mwanachama, Kamalondo: Yaya, niko na ampli ya sinema, inaruhusu chaneli za nyuma zipelekwe kwa twita. Wati zitakuwa mara mbili?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Chaneli zote zinakula kwenye transfoma moja. Haiharibu kitu, ila usitegemee nguvu mpya.

Mwanachama, Kampemba: Nimerithi kwa marehemu baba ampli ya taa (ya zamani, ya vakyumu tyubu), wati 10. Naweza kuipa twita?
Jibu: Pole kwa baba, mama. Wati 10 kwa omu 8 ni kama volti 9 tu, kwa hiyo filta ikiwa ndani ya bafle itakata mapema. Ukiwa na filta ya elektroniki, ndiyo, na itaimba vizuri.

Mwanachama, mtaa wa Kenya: Bafle zangu zina vifungio viwili. Fundi anasema atatoboa viwili vingine.
Jibu: Mwambie kwanza afungue aonyeshe filta. Kama njia ya wufa na ya twita zimefungwa sambamba, anaweza kuzitenganisha. Kama ni filta ya mfululizo, mkondo uleule unapita kote, haigawanyiki. Tuma picha ya ubao huo hapa kabla hajashika drili.