Chuma kimejaa ardhini, mmea unakikosa: pima pH kabla ya kununua mbolea

Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, wengi hukimbilia urea, mbolea ya nitrojeni. Hapo mara nyingi mmea unalilia chuma. Upungufu wa nitrojeni, na hata wa magnesiamu, huanzia majani ya chini, kwa kuwa mmea huvihamisha virutubishi hivyo kutoka majani makuukuu hadi machanga. Chuma kikishaingia kwenye jani, ni vigumu kuhama. Kwa hiyo angalia kwanza umanjano umeanzia juu au chini.

Cha ajabu, udongo huohuo unaweza kuwa na chuma cha asilimia kadhaa ya uzito wake. Kipo ila kimefungwa. Chuma, kama elementi mpito nyingi (kundi la metali lenye pia zinki, shaba na manganisi), hakina idadi moja tu ya elektroni kinazotoa. Kikitoa mbili huwa chuma(II), kinachoyeyuka vizuri majini. Kikitoa tatu huwa chuma(III), ambacho kwenye udongo wenye hewa huishia kuwa kutu. Na kila pH (kipimo cha tindikali; ikiwa chini udongo una tindikali, ikiwa juu una alikali) inapopanda kwa 1, chuma(III) kilichoyeyuka hupungua takriban mara 1,000. Zinki nayo hupungua kama mara 100. Ndiyo maana anayemwaga chokaa, ambayo hupandisha pH, bila kupima udongo huweza kuleta njaa ya chuma, zinki na manganisi kwa mkupuo mmoja. Fosfati ikizidi huongeza tatizo la zinki, na kwenye mahindi utaona michirizi myeupe kwenye majani machanga.

Maji yakituama, mambo hugeuka. Hewa ikikosekana, bakteria wa udongo hutumia oksidi za manganisi na za chuma badala ya oksijeni, na madini hayo huyeyuka kwa wingi. Kwenye mpunga uliopandwa udongo wenye tindikali, chuma huweza kuzidi hadi majani yakapata madoa ya rangi ya kahawia. Kuongeza mbolea ya chuma hapo ni kumwaga petroli kwenye moto; toa maji, acha shamba lipate hewa kwa muda, ndipo urudishe.

Molibdenamu hufuata njia ya peke yake: hupatikana zaidi pH inapopanda. Kimeng'enya kinachonasa nitrojeni kwenye vinundu vya mikunde hakifanyi kazi bila molibdenamu na chuma. Maharage yakidumaa kwenye udongo wenye tindikali, huenda chokaa peke yake ikatosha, bila kununua molibdenamu yoyote.

Elementi mpito za ndani, yaani lantanidi na aktinidi, zisikusumbue. Miamba ya fosfati huwa na chembe za lantanidi na urani, na China imewahi kutumia lantanidi kama mbolea, lakini mazao yako hayazihitaji ili yakue. Pesa hiyo ipeleke kwenye kupima udongo.

Ukiamua kupulizia sulfati ya chuma, changanya siku hiyohiyo. Maji yake huwa ya kijani hafifu. Yakigeuka kahawia, chuma kimeshakuwa chuma(III) na faida imepotea. Kwa kuweka ardhini, chagua kileti, yaani kiwanja kinachokishika chuma kisifungwe na udongo, kulingana na pH: kile cha EDTA hushikilia chuma hadi pH ya 6.5 hivi, lakini udongo wa alikali unataka EDDHA. Sulfati ya zinki hupuliziwa kwa gramu 5 kwa lita moja ya maji, jioni au asubuhi mapema.

Mrututu, yaani sulfati ya shaba inayotumika kama dawa ya ukungu, usiuchanganyie kwenye ndoo ya bati (chuma kilichopakwa zinki) wala ya chuma. Chuma na zinki huipa shaba elektroni zao, shaba hujipaka kwenye ndoo kama utando mwekundu, dawa hudhoofika na ndoo hutoboka. Tumia plastiki. Kumbuka pia kwamba shaba haiozi: mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, ambako mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulianza kutumika miaka ya 1880, mengi yamerundika shaba kwenye udongo wa juu, na nyungunyungu ndio huumia mapema. Pulizia pale ugonjwa unapotishia kweli, na weka kumbukumbu ya kiasi ulichotumia kila msimu.