Kuhesabu aina za samaki pembeni ya Ziwa Kivu na vifaa vya bei ndogo

Hii ni ya wale wanaotaka kujua kipande ya ziwa yenye imefungwa kwa uvuvi iko na samaki gani, na kama wanaongezeka kweli ama ni maneno tu. Njia njo ile ya kwenye matumbawe ya baharini, unatandaza kamba, unaogelea juu yake, unaandika. Goma inawezekana juu maji ni meupe na majiwe ya volkano inashuka mpaka ndani.

1. Ruhusa. Pitia kwa chefu wa mtaa, kamati ya wavuvi na askari wa majini, waambie siku na saa, juu mtu anayeelea kichwa chini pale wamekataza kuvua lazima ashukiwe. Uliza pia mazuku iko wapi. Ile gesi ya kaboni inalala kwenye mashimo karibu na ziwa, haionekani, na asubuhi bila upepo njo mbaya zaidi, kwa hiyo kwenye shimo usipumzike hata kidogo.

2. Vifaa. Masiki na tuba ya kupumulia, kamba ya nailoni ya mita 50 yenye fundo kila mita 5, majiwe mawili, krayo (penseli). Kibao kata kwenye bidon nyeupe, sugua na papyeveri (msasa), krayo itaandika hata ndani ya maji.

3. Tandaza kamba sambamba na ukingo, kina cha mita 2 ama 3, kisha toka ungoje dakika 10 hivi. Hapa njo wengi wanaharibu, samaki wamekimbia na wao wanaanza kuhesabu! Fanya kati ya saa tatu na saa nane, jua liko juu.

4. Kwenda, hesabu wakubwa na wanaotembea, mita 2 na nusu kila upande. Kurudi, wadogo wa kwenye majiwe, mita 1 tu kila upande. Anayetoka nyuma na kukupita muache. Kundi kubwa hesabu kumi, ona hao kumi wanachukua nafasi gani, kadiria.

5. Majina, kazi kweli iko hapa. Samaki wanaoitwa ndugu (Haplochromis) wako aina kama 15 za Kivu peke yake. Dume ana rangi, na kwenye pezi la chini karibu na mkia ana madoa ya duara kama mayai, lakini majike karibu wote ni wa kijivu, usibunie jina, andika "ndugu jike" basi. Taya ikiwa imevimba weka alama, anabeba mayai ama watoto mdomoni, na kwangu alama hiyo inasema mengi kuliko hesabu yote. Mrefu mwenye vidoadoa vya buluu vinavyong'aa ni Lamprichthys, ametoka Ziwa Tanganyika, hapa alionekana 2006, muandike pembeni kama mgeni.

6. Kamba haioni wote. Kambale anatoka usiku, na sambaza, samaki mdogo aliyeletwa 1959, mchana anashuka chini huko katikati. Alfajiri nenda pale mitumbwi inafikia, angalia beseni, andika kwenye orodha nyingine, usichanganye.

7. Kila kamba andika aina ngapi mpya. Kamba tatu mfululizo bila mpya, inatosha. Ukilinganisha na nje ya eneo, kamba ziwe sawa, kina sawa, saa sawa, majiwe kwa majiwe, si majiwe kwa mchanga. Mvua ikinyesha usiku ahirisha, tope halioneshi kitu.

Na kibao kipige foto ungali ukingoni, krayo inafutika ndani ya saki.