Kupima otofajia kwa saitometa: seli za GFP-LC3 na mwosho wa saponini

Mwongozo huu wa kupima otofajia, yaani seli kuyeyusha sehemu zake zenyewe, unamfaa mwenye seli ambazo tayari zinazalisha GFP-LC3 (protini ya otofajia LC3 iliyounganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani) na saitometa, mashine ya kupima mwanga wa seli moja moja, yenye leza ya nanomita 488. Rangi kama monodansilkadaverini ni rahisi kutumia, lakini sizipendekezi, kwa sababu hunasa karibu kila kijumba chenye asidi ndani ya seli.

1. Gawa seli katika makundi manne: zenye chakula kamili na zilizoachwa na njaa katika EBSS (myeyusho wa chumvi usio na asidi za amino) kwa saa 2, kila hali ikiwa na bafilomisini A1 (dawa inayozuia vifuko vya otofajia kuyeyushwa) ya nM 100, yaani nanomoli 100 kwa lita, na bila hiyo. Usiache bafilomisini, kwani vifuko vya otofajia vikiongezeka, huwezi kujua kama vinaundwa kwa wingi au vimekwama tu bila kuyeyushwa.

2. Bandua seli, zioshe kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) baridi.

3. Zioshe kwa saponini ya asilimia 0.05 katika PBS. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Saponini hutoboa utando wa nje kwa kushika kolesteroli, ndipo LC3-I, aina ya LC3 inayoelea katika majimaji ya seli, hutoka, na LC3-II iliyofungwa kwenye utando wa vifuko hubaki. Kwa hiyo usigandishe seli kwa paraformaldehidi (kemikali inayofunga protini mahali pake) kabla ya mwosho huu, maana LC3-I itanaswa ndani na makundi yote yatang'aa karibu sawa. Rangi ya kutenganisha seli zilizokufa nayo itangulie, tena iwe ya aina inayojifunga kwenye protini. Propidiamu iodidi, rangi ya DNA inayotumika kutambua seli zilizokufa, ukiitia baadaye itaingia katika kila seli iliyotobolewa. Saponini ni dondoo la mimea, na nguvu yake hutofautiana kati ya chupa na chupa, hivyo kila chupa mpya ijaribiwe kwa viwango kadhaa. Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni seli zenye GFP-LC3 iliyobadilishwa kwa badiliko la G120A, isiyoweza kufungwa kwenye utando: zikiendelea kung'aa baada ya mwosho, ongeza muda au kiwango, wala usipoteze sampuli zako halisi.

4. Pima angalau seli 10,000 kwa kila sampuli, baada ya kuondoa mabaki, seli zilizoshikana na zilizokufa. Tumia mediani (thamani ya katikati), si wastani, kwa kuwa seli chache zenye GFP nyingi huuvuta wastani juu. Kisha, kwa kila hali, toa mediani ya sampuli isiyo na bafilomisini kutoka ile iliyo nayo. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha mtiririko wa otofajia, yaani kasi ya vifuko kuundwa na kuyeyushwa.