Jinsi ya kuielewa kompyuta kuanzia kwenye swichi ya ngazi

Watu wakitaka kujua kompyuta inavyofanya kazi wanafungua kava, wanakuta feni na vumbi, wanafunga. We anzia kwenye ngazi. Huku Mwanza tumejenga juu ya mawe, ngazi zipo kila kona, na kwenye ghorofa unakuta taa moja ina swichi mbili, moja chini moja juu, yoyote utakayobonyeza taa inabadilika. Ile taa inajua kujumlisha.

Nenda kwa mafundi redio Makoroboi, omba swichi mbili za kusukuma juu na chini zenye miguu sita, kwenye redio mbovu hazikosekani. Ongeza LED nyekundu mbili, yaani vile vitaa vidogo, rezista mbili za omu 100 za kupunguza umeme usiziunguze, waya, na betri mbili za tochi ziungane ziwe volti 3. Umeme wa ukutani usiuguse.

Miguu sita ni safu mbili za mitatu mitatu, yaani swichi mbili ndani ya moja. Safu ya kwanza, mguu wa kati wa swichi A uende chanya, wa kati wa B upite rezista, LED, kisha hasi. Halafu miguu ya pembeni ipishane, wa juu wa A na wa chini wa B, wa chini wa A na wa juu wa B. Mi nilifunga juu kwa juu, taa ikawa inawaka swichi zote zikiwa chini, jioni nzima nalaumu LED bure.

Safu ya pili ni rahisi: kati ya A chanya, juu ya A uende kati ya B, juu ya B kwenye rezista na LED ya pili, kisha hasi. Hii LED ikae kushoto.

Sasa cheza. Swichi juu ni 1, chini ni 0. Zote chini, giza. Moja juu, inawaka ya kulia. Zote juu, ya kulia inazima na ya kushoto inawaka, unasoma 10, na kwa kuhesabu kwa tarakimu mbili tu hiyo ndo mbili. Umeandika sifuri ukabeba moja, kama vile shule ya msingi na vijiti. Kaa hapo siku kadhaa usikimbilie mbele, maana hapo ndo penyewe.

Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi MIT, chuo kikuu cha Marekani, alionyesha kwamba swichi zinaweza kufanya hesabu za mwanahisabati George Boole, za NA, AU na SI. Kilichobaki ni kuondoa kidole, umeme wenyewe ubonyeze swichi, na hiyo ndo kazi ya transista iliyopatikana 1947. Intel 4004, ubongo wa kompyuta kwenye chipu moja wa 1971, ilikuwa na transista kama 2,300 tu.

Ukiona taa za wavuvi wa dagaa ziwani usiku usio na mwezi, chagua nane kichwani, kila moja iwake au izime, mipangilio inafika 256, basi hiyo ni baiti moja.

Ukishamaliza nunua transista mbili za BC547 uzifunge kila moja ikiwaka imzime mwenzake. Hiyo inakumbuka. Yangu ipo dirishani imeshika 1 tangu Jumapili, ila ukichomoa betri inasahau, kama RAM tu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta.