Kabla hujaandika nyuma ya bajaji yako

Kazi yangu ni kuandika maneno nyuma ya bajaji, hapa Tandika, kwa brashi na rangi ya mafuta. Wateja wengi wakifika husema, "Fundi, niandikie kitu kikali." Kitu gani? "Chochote, mradi kikali." Hapo sishiki brashi.

Kwanza tuulizane bajaji ni ya nani. Kama kila jioni unapeleka hesabu kwa tajiri, mwombe ruhusa. Kuna kijana nilimwandikia SINA BOSI kwa herufi nyekundu, tajiri akaiona kesho yake. Nilishinda nafuta kwa petroli na kitambaa. Aliye kwenye mkataba, anayelipa mpaka chombo kiwe chake, ana uhuru kidogo, ila naye namshauri aanze na madigadi. Pale neno moja linatosha.

Sasa neno lenyewe. Wivu achana nao. Kijiwe kimoja tu nimehesabu bajaji tatu zenye WIVU WA NINI, sijui nani anamwonea nani. Kaa kwanza usikie wenzako wanakuitaje, maana mji huu usipojiita unaitwa. Daladala jina lao lilitoka kwenye nauli ya shilingi tano ya mwaka 1983, ile sarafu watu waliyoiita dala. Si wenye magari waliolichagua. Hata chombo chako huenda ni TVS, na bado tunakiita bajaji, jina la kampuni nyingine kabisa ya India.

Mteja wangu mmoja wenzake walimwita Taratibu, kwa kumcheka, kwa sababu hachomeki kati ya magari hata foleni iwe ya namna gani. Alikuja amenuna, anataka kitu cha kuwajibu. Tukanywa kahawa, tukabishana, mwisho akasema, "Basi andika hilohilo." Nikaliandika TARATIBU, jeupe, upana mzima wa turubai. Siku hizi akina mama wenye vichanga wanaokwenda kliniki wanamsubiri yeye, wanampita wa mwanzo kwenye foleni, na kelele zimehamia upande ule mwingine.

Ukitaka jina la mtoto, njoo nalo kwenye karatasi. Mimi niliwahi kuambiwa Nasma, honi zikapiga, nikaandika Nasra. Baba wa watu kazunguka Temeke siku tatu na mtoto wa mwenzake.

Ukiamua kuandika mwenyewe, paka uzi chaki, uvute ukaze, uutwange kwenye turubai upate mstari ulionyooka. Herufi isipungue urefu wa ngumi. Hesabu nafasi kabla ya kuanza: M inakula mahali pa I mbili, na SUBIRA YAVUTA HERI isiyopimwa huishia HE, RI ikaning'inia chini kama imesahauliwa. Chora yote kwa chaki, rudi nyuma hatua kumi, soma kwa sauti, mwite na mwingine asome. Ndipo upake rangi, nyembamba, mara mbili; ikiwa nzito hupasuka turubai likikunjwa.

Iache ikauke mpaka kesho, mbali na vumbi la barabarani. Ukija kubadili mawazo, chombo kilete: kufuta kwangu bure, kuandika upya tunaelewana bei.