Nguo za Mgonjwa wa Saratani ya Titi: Nilivyojishonea, Nawe Ushone

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na kivimbe changu nilikigundua nikijaribisha gauni. Pini ilinichoma juu ya titi la kushoto, nikapapasa, nikakuta kitu kigumu mfano wa punje ya hindi, hakiumi. Zahanati niliyoanzia waliniambia ni maziwa yaliyoganda, wakanipa vidonge. Miezi minne ikapotea hivyo.

Kwa hiyo kabla ya habari za nguo, dada yangu, nisikilize: kivimbe kutouma hakumaanishi ni salama. Hedhi ikija na kuondoka na bado kipo, nenda ukapigwe ultrasaundi. Daktari akitaka kuchukua kinyama cha kivimbe kwa sindano kikapimwe, kubali. Utaambiwa sindano inausambaza ugonjwa. Mimi pia niliambiwa, tena na watu wanaonipenda. Si kweli, na bila kinyama hakuna anayejua unatibiwa nini. Majibu yakitoka, uliza kama ugonjwa wako unalishwa na homoni. Wangu unalishwa nazo, ndiyo maana kila asubuhi nameza tamoksifeni miligramu 20, na nitaendelea kwa miaka.

Mimi nilianza na dripu, yaani dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa, nikafanyiwa upasuaji, nikamalizia mionzi. Wako wanaweza kukupangia vingine. Lakini katika yote hayo hakuna aliyeniambia nivae nini, na mgonjwa anayehangaika na nguo anachoka kabla hajafika foleni.

Siku za dripu

Nilipata dripu kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo zilikuwa na dawa nyekundu, na mkojo nao unatoka mwekundu siku hiyo hata kesho yake, usishtuke. Vaa blauzi yenye mikono mipana, inayopanda juu ya kiwiko bila kubana, na ubebe kitenge cha kujifunika maana utakaa saa nyingi.

Nywele ziliniachia wiki ya tatu. Ngozi ya kichwa inakuwa na maumivu kama kidonda kinachoanza, kwa hiyo kofia ishonwe kwa fulana kuukuu ya pamba na mshono uwe nje, usiguse kichwa. Juu yake funga kilemba cha khanga. Poliesta iache, inateleza na inachemsha.

Nunua pia kipimajoto. Ukifika 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usimeze panadoli ukalala. Dripu inashusha chembe nyeupe za damu, na mwili hauna wa kuulinda.

Upasuaji

Hapa ndipo nguo zinapoleta shida kweli. Wametoa titi na tezi za kwapani, mkono haupandi, na ubavuni unaning'inia mpira wenye kichupa cha kukusanya maji ya kidonda. Dera la kuvalia kichwani huliwezi. Chukua dera lako unalolipenda, likate mbele kutoka shingoni mpaka kitovuni, pinda kingo zote mbili, tia vifungo vya kubana. Nilikata matatu wiki moja kabla ya kulazwa, na yakanitosha.

Kisha shona mfuko kwa ndani, upande wa kidonda, usawa wa kiuno. Upana uwe sentimita 12, kina 18, mdomo uwe na kamba ya kufunga. Kichupa kinakaa humo, hakivuti mpira, na watu wa kwenye daladala hawakioni. Kiwe chini ya kidonda wakati wote, maana kikipanda juu maji hayashuki vizuri. Kila siku andika mililita zilizotoka. Mimi niliambiwa mpira utatolewa maji yakishuka chini ya 30 kwa siku, na daftari langu ndilo lililomwonyesha daktari kwamba nimefika.

Shona na kamto kadogo ka pamba, ukubwa wa viganja viwili, cha kuweka kwapani. Bila hicho usingizi hauji.

Mkono

Mtaalamu wa mazoezi akikuruhusu, simama ukitazama ukuta, tembeza vidole kupanda juu, na pale vilipokomea chora mstari kwa chaki ya fundi. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu. Usilazimishe hata ukalia. Kesho yake utapita kidogo, na ule mstari wa jana utauona uko chini ya vidole vyako.

Mkono wa upande huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka, kwa kuwa tezi zilizokuwa zinapitisha maji hazipo. Kila Jumapili napima mikono yote miwili kwa futi kamba: kifundoni, sentimita 10 chini ya kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Tofauti ikizidi sentimita 2, mwambie daktari. Nikishona sasa sikosi kastabini kidoleni, maana kidonda kidogo kikiingia uchafu ndicho kinachouamsha uvimbe. Kushoto sitolewi damu wala sipimwi presha, na huwa nasema kabla muuguzi hajafungua sindano.

Mionzi

Nilipata mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mara 15, Jumatatu mpaka Ijumaa, nikilala kwa shangazi Mbagala. Wanakuchora alama kifuani, usizisugue zikafutika. Vaa pamba laini, pana, bila sidiria. Ngozi yangu hapo ikawa nyeusi kama iliyobabuka kwa jua, ikarudi taratibu.

Titi la kitambaa

Matiti ya bandia ya silikoni, ya kuvaa ndani ya sidiria, nilishindwa bei. Subiri kidonda kipone kabisa na ngozi ya mionzi itulie, ndipo ushone.

Uzito ndio kazi yenyewe. Ukijaza pamba tupu, sidiria inapanda upande mmoja na bega linainuka. Kujua uzito, jaza bakuli maji mpaka ukingoni, liweke ndani ya beseni, inama utumbukize titi lililobaki lote. Pima maji yaliyomwagika kwa jagi lenye vipimo: mililita 400 ni kama gramu 400.

Kata vipande viwili vya pamba umbo la tone la maji, kimoja kikubwa kidogo kwa ajili ya mbele. Viunganishe, acha mwanya wa vidole vitatu. Shona kifuko kidogo cha ulezi mkavu, kipime kwenye mizani pamoja na pamba ya kujazia mpaka ufikie uzito wako. Kifuko kikae chini, pamba juu yake. Mwanya usiufunge kwa uzi, tia kifungo, ili siku ya kufua utoe ulezi na kuubadilisha. Ulezi ukinyonya jasho unaota ukungu.

Mwisho shona mfuko wa pamba nyuma ya kikombe cha sidiria, titi liingie humo. Vaa, inama kama unayefagia uwanja, kisha simama ujitazame kwenye kioo. Likiwa limehama, punguza mdomo wa mfuko nusu sentimita, ujaribu tena.